Manowari Zilizopima Bahari

Mtu akisikia kwamba wataalamu wanatafuta manowari ya kuwapeleka baharini, huenda akadhani watachagua yenye mbio au yenye mizinga mikubwa. Sivyo. Kwa kazi ya elimu mizinga ni mzigo mtupu, na mbio hula mafuta bure. Kinachotakiwa ni chombo kiwezacho kwenda polepole kwa mstari ulionyoka, usiku na mchana, majuma mengi bila kurudi bandarini. Chenye nafasi shetrini ya kuteremshia vipimo. Na chenye maofisa wawezao kusema kila saa merikebu ipo wapi hasa.

Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ulizizoea manowari. Lakini nusu karne kabla yake, kazi ya namna nyingine ilikwisha kufanyika mbele ya ufuko huo. Kapteni William Owen alikuwa akichora ramani za pwani ya Afrika kwa manowari mbili, Leven na Barracouta, huku mabaharia wakipima vina kwa chubwi na kamba. Ramani hizo zilinunuliwa kwa roho za watu, maana homa iliwaua wengi. Luteni John Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kuwa mkuu wa mahali, alikufa mwaka huo huo. Hori iliyoko baina ya Changamwe na bara ya Likoni yaitwa Port Reitz kwa jina lake.

Jina la Owen nalo lilipewa merikebu. HMS Owen ilianzwa kuundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili ilinde misafara ya merikebu, lakini vita vikaisha kabla haijawa tayari, na mwaka 1949 ikamalizwa kuwa merikebu ya kupima bahari. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Novemba 1962, wakati mataifa mengi yakishirikiana kuchunguza Bahari ya Hindi, Drummond Matthews wa Cambridge alikuwamo ndani yake, juu ya safu ya milima iliyo chini ya maji kaskazini-magharibi mwa bahari hiyo. Chombo cha kupima nguvu ya sumaku kilikokotwa nyuma kwa kamba ndefu, kwani chuma cha merikebu kingekidanganya. Owen ikaenda na kurudi, kama mkulima alimaye kwa ng’ombe, mfuo kando ya mfuo. Mwaka 1963 Matthews na Fred Vine walieleza kwa vipimo hivyo kwamba sakafu ya bahari hupasuka na kutanuka, mwamba mpya ukipanda kutoka chini.

Jirani ya Frere Town, huko English Point, iko Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979. Merikebu yake Mtafiti haikuwa manowari. Iliundwa mwaka 1977 kwa ajili ya marubani wa bandari za Ubelgiji, ambao kazi yao huwataka wangoje katikati ya mawimbi; tabia nzuri kwa wapimaji. Baadaye ikafanyiwa marekebisho kwa utafiti, na Wabelgiji walipopata merikebu mpya mwaka 2012, Kenya ikapewa hii. Chombo cha kupewa hakina bei ya kununua, lakini kina gharama ya mafuta, mabaharia na matengenezo, na chombo kikongwe hudai zaidi. Hata hivyo bahari ya Kenya hufika maili 200 kutoka pwani, na ngalawa za wavuvi wa Kisauni hazifiki huko.