RDC: Alama 20 kwa 100 za rushwa zinatoka wapi?

Katika orodha ya mwaka 2023 ya shirika la Transparency International, RDC ilipata alama 20 kwa 100. Sifuri maana yake rushwa imeenea kabisa. 100 maana yake inchi ni safi. Lakini nani anatoa alama hizo?

Shirika lenyewe haliendi kuhesabu hongo. Linakusanya tathmini 13 za taasisi nyingine, kati yake Benki ya Dunia na Fondation Bertelsmann. Kila moja ina kipimo chake: hii inaishia 6, ile 10. Kwa hiyo zote zinageuzwa kwanza ziwe kati ya 0 na 100, ndipo wastani unatafutwa. Inchi yenye tathmini chini ya 3 haiingizwi.

Wanaotoa maoni ni wataalamu na wafanyabiashara, tena juu ya sekta ya umma tu. Mama muuzaji anayedaiwa pesa kwenye kizuizi cha barabarani haulizwi.

Kila alama ina pia kiasi chake cha makosa. Mwaka 2020 RDC ilikuwa na 18. Kupanda alama 2 pekee hakutoshi kuthibitisha kwamba rushwa imepungua. Na alama za kabla ya 2012 hazilinganishwi na za leo, kwani namna ya kuhesabu ilibadilishwa.

Basi mwanasiasa akijisifu kwa alama moja, raia wamuulize: ni tathmini gani iliyopanda, na kwa sababu gani?