Aliyeandika Jina Lake Kwenye Mtungi

Katika nyumba za wazazi wetu wengi palikuwa na mtungi wa maji. Ulikaa pembeni penye kivuli, umefunikwa, na kata juu yake. Hata jua likiwa kali, maji yake yalikuwa baridi. Tulipocheza karibu nao tuligombezwa, kwa maana mtungi ukivunjika haushoneki.

Hebu tujiulize, akina mama: ni wangapi kati yetu wanaolijua jina la mwanamke aliyeufinyanga mtungi ule? Ladha ya maji yake tunaikumbuka hadi leo. Mikono iliyoukanda udongo wake tumeisahau.

Ufinyanzi ni kazi ya kale na ya heshima. Hata Biblia, katikati ya orodha ndefu za majina ya koo, inatua kidogo kuwataja wafinyanzi waliofanya kazi ya mfalme (1 Mambo ya Nyakati 4:23). Walakini wafinyanzi wengi wa duniani hawakuandikwa mahali popote. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kutafutwa na kupatikana baada ya miaka mia mbili? Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia habari za mfinyanzi mmoja aliyetafutwa akapatikana. Habari zake zina fundisho kwa kila nyumba.

Kijana asiye na jina la ukoo

Mfinyanzi huyo aliishi Edgefield, katika jimbo la South Carolina, Marekani. Alikuwa mtumwa, na jina lake lilikuwa Dave. Huko Edgefield, mwanzoni mwa karne ya 19, mtu mmoja aitwaye Abner Landrum alianzisha kiwanda cha vyombo vya udongo. Mahali hapo pakaja kuitwa Pottersville, yaani mji wa wafinyanzi. Udongo wa huko ulikuwa mzuri sana. Vyombo vilipakwa mchanganyiko wa majivu, mchanga na udongo laini, kisha vikachomwa kwa moto mkali hata mchanganyiko ule ukayeyuka na kung'aa kama kioo. Chombo cha namna hiyo hakikuvuja, kwa hiyo kiliweza kuhifadhi nyama ya chumvi na mafuta kwa muda mrefu. Mashamba makubwa ya watumwa yalivihitaji vyombo hivyo kwa wingi.

Habari ya kwanza ya Dave iliyoandikwa ni hati ya rehani ya tarehe 13 Juni 1818. Bwana wake, Harvey Drake, alimweka rehani kama mtu anavyoweka rehani ng'ombe au shamba. Hati hiyo inamtaja kuwa kijana wa miaka ipatayo 17, aliyezaliwa nchini humo, maana yake si mmoja wa wale walioletwa kwa meli kutoka Afrika. Basi, ni hayo tu. Katika maelezo hayo hakuna mama wala baba.

Tulipofika hapa tulitua kidogo. Kijana wa miaka 17! Wengi wetu tuna watoto wa umri huo nyumbani. Twajua ni lini walianza kutembea na wanaogopa nini usiku. Kijana huyu naye alikuwa na mama aliyeyajua hayo yote, lakini mwandishi wa hati hakumwuliza mtu. Alichotaka kujua ni thamani ya mali.

Mitungi inapoanza kusema

Ingekuwa hati za mabwana peke yake, tungeishia hapo. Lakini Dave alijua kusoma na kuandika. Tena aliandika mahali ambapo maandishi hayachakai upesi. Udongo ukiwa bado mbichi, kabla chombo hakijaingia tanurini, alichukua kijiti chenye ncha akachora maneno begani mwa mtungi. Moto ukayafanya maneno yale kuwa magumu kama jiwe.

Aliandika tarehe. Aliandika herufi za bwana wake. Mara nyingine aliandika shairi fupi la mishororo miwili yenye vina. Shairi la kwanza linalojulikana ni la tarehe 12 Julai 1834. Mwaka 1840 tayari alikuwa akiandika na jina lake, Dave.

Tusidhani lilikuwa jambo jepesi. Mwezi Desemba 1834, miezi michache tu baada ya shairi lile, jimbo la South Carolina lilipitisha sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika. Mzungu aliyefundisha aliweza kutozwa faini na kufungwa. Mtumwa aliyemfundisha mwenzake aliweza kupigwa hadi viboko 50. Katika hali hiyo, mtu aliyekuwa mali ya mwingine aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye vyombo vilivyouzwa hadharani.

Aliandika mambo gani basi? Mashairi mengine yanaeleza ukubwa wa mtungi au kitu cha kutia ndani yake. Mengine yana ucheshi. Mengine yanamtaja Mungu. Shairi lake la mwisho lenye tarehe, la mwaka 1862, linawaita watu watubu. Katika mtungi mmoja wa Agosti 1857 anasema aliufanya ili upate fedha; nasi twajua kwamba fedha hizo hazikuwa zake. Lakini lililotuchoma moyo zaidi ni la tarehe 16 mwezi huohuo. Mle Dave anajiuliza ndugu zake wako wapi.

Mama anayesoma maneno hayo hahitaji kuelezwa zaidi. Katika siku za utumwa, bwana akifa, watu wake waligawanywa kama mirathi. Bwana akidaiwa, waliuzwa. Akihama, aliwachukua aliowataka. Dave mwenyewe alipita mikononi mwa mabwana kadhaa wa koo zilizooana: Drake, Landrum, kisha Lewis Miles, ambaye herufi zake L na M zimo katika mitungi mingi. Mmoja wa mabwana hao, John Landrum, alikuwa mhubiri wa Injili. Jambo hilo linatuhuzunisha, wala hatuwezi kulificha.

Jinsi walivyomtafuta

Je, wachunguzi walijuaje kwamba kijana wa mwaka 1818 na mzee wa miaka ya baadaye ni mtu mmoja? Walifanya kama mwanamke wa mfano wa shilingi iliyopotea: waliwasha taa, wakafagia nyumba yote.

Kwanza walisoma hati za mahakama ya wilaya: rehani, wosia, orodha za mali ya marehemu na hati za mauzo. Hizo zilionyesha ni nani aliyemiliki watu gani, na mwaka gani.

Pili, walilinganisha hati na mitungi yenyewe. Mtungi mmoja wa mwaka 1840 unamtaja Bwana Miles. Mingine ina herufi zake na tarehe kamili. Kwa hiyo, mahali ambapo hati zimenyamaza, mitungi inajibu.

Tatu, walitazama hesabu za watu. Hapo walikutana na shida kubwa. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860, watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao. Majina yao wenyewe hayakuandikwa, isipokuwa mahali pachache mno. Hebu fikiri mama ameandikwa hivi tu: mwanamke, miaka 30. Chini yake: msichana, miaka 6. Huwezi kujua kama ni mtu na mwanawe.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Katika hesabu ya mwaka 1870, kwa mara ya kwanza, watu wale walioachwa huru waliandikwa kwa majina. Humo yumo mzee wa miaka 70, David Drake, na kazi yake imeandikwa: mfinyanzi wa gurudumu. Kijana wa rehani ya 1818 alikuwa sasa na jina kamili, nalo ni lile la bwana wake wa kwanza tunayemjua. Miaka kumi baadaye, katika hesabu ya 1880, hayumo tena. Bila shaka alikuwa amekwisha kufariki.

Nne, walisikiliza masimulizi ya wazee. Watu wa Edgefield walisimulia kwamba Dave alikuwa na mguu mmoja. Masimulizi ya namna hii hayadharauliwi, wala hayachukuliwi mbiombio. Yanawekwa kando ya maandishi na kupimwa.

Mtungi wa madebe saba

Mtungi mmojawapo uliojulikana mapema uliingia katika Makumbusho ya Charleston mwaka 1919. Ni mkubwa kupita kiasi. Dave aliufanya tarehe 13 Mei 1859 akisaidiwa na mwenzake aitwaye Baddler, na unachukua galoni zipatazo 40. Hizo ni kama lita 150, yaani zaidi ya madebe saba ya maji. Yeyote kati yetu aliyewahi kujaribu kufinyanga hata chungu kidogo atafahamu ni nguvu gani na ustadi gani uliohitajika.

Leo mitungi ya Dave inatafutwa na makumbusho makubwa ya Marekani. Mwaka 2021 mtungi mmoja aliouandika mwaka 1858 uliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Tukumbuke kwamba aliyeufanya hakumiliki hata nguo aliyovaa.

Lakini kwetu sisi, jambo lililo kubwa kuliko fedha ni hili. Wachunguzi wa koo waliendelea kufuata majina, kizazi kwa kizazi, hata wakawapata wazao wa Dave walio hai. Watu hao walikuwa wameishi miaka yote bila kujua kwamba mfinyanzi yule mashuhuri ni babu yao. Kisha mwaka 2025 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalipatana na jamaa hiyo na kukiri kwamba mitungi miwili ya mwaka 1857 ni mali yao. Mmoja wapo ni ule uliosema umefanywa ili upate fedha. Makumbusho yaliununua upya, safari hii kutoka kwa wazao wa mwenyewe.

Mwaka 1857 aliuliza ndugu zake wako wapi. Ndugu zake ndio hao.

Na sisi je?

Huku kwetu mahali pengi wafinyanzi ni wanawake. Kandokando ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi wamesifiwa tangu zamani kwa vyungu vyao, ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Kazi ile mama humfundisha binti. Kwa kawaida jina haliandikwi chomboni. Hivyo mama akifariki, na binti zake wakihamia mjini, jina lake huenda pamoja naye.

Si wafinyanzi peke yao. Kuna wasusi wa mikeka, wakunga, walimu wa mashule ya kwanza, na wanawake waliobeba mawe ya kujenga kanisa tunalosali. Wajukuu wetu watatuuliza habari zao. Tutawajibu nini?

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji elimu kubwa. Nunua daftari moja lenye jalada gumu. Andika jina lako kamili, la mama yako, la bibi yako, na la mama wa bibi yako ukilijua. Usiandike tu Mama Fulani, maana hilo ni jina la mtoto wake. Andika alilopewa alipozaliwa na alilobatizwa. Andika alizaliwa wapi, aliolewa wapi, na mikono yake ilijua kazi gani.

Ukikwama, nenda kwa katibu wa parokia au usharika, umwombe kwa adabu akutazamie vitabu vya ubatizo na ndoa. Tazama vyeti vya zamani, hati za shamba, kadi za kliniki, na maandishi nyuma ya picha. Soma misalaba makaburini. Pale ambapo vitabu viwili havipatani, andika vyote viwili, na useme kila kimoja umekitoa wapi.

Lakini kabla ya hayo yote, waendee wazee wangali hai. Keti na bibi anapochambua mboga, umwulize: Bibi, chungu hiki kilifinyangwa na nani? Labda atacheka na kukuuliza unataka nini na mambo ya kale. Ngoja kidogo. Atalitaja jina. Nawe uliandike siku hiyohiyo, kabla hujaenda kupika.