Mwaka Mmoja Uingereza

Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyeitumikia idara ya maji kwa miaka 12, amepata ufadhili wa Chevening kwenda kusomea sera za umma. Amechoka, asema, kutekeleza mipango iliyoandikwa na wasioijua foleni ya mitungi. Ufadhili huo wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1983, hulipa karo, nauli na masurufu ya mwanafunzi; gharama za mume na watoto hazimo. Akihitimu, sharti arejee kwao kwa muda usiopungua miaka 2.

Walipotujia kwa shauri, mume alikwisha kuridhia. Nasi tukauliza moja tu: binti wa miaka 6 atalala kwa nani? Nyanya yake akadakia, "Kwangu."

Baba mtu akainama kitambo. "Alale kwao," akasema. "Nifundisheni kumsuka nywele."