Nyota aliyempisha mtu wa benchi

Februari 2021, mjini Monastir nchini Tunisia, Sudan Kusini ilicheza mechi za kufuzu AfroBasket huku kocha wake mkuu akiwa ndiye huyo huyo rais wa shirikisho la kikapu. Luol Deng, mtu wa misimu 15 NBA, aliyeitwa mara mbili kwenye mechi ya nyota, alisimama pembeni ya uwanja akipanga na kubadili kikosi. Timu ikafuzu. Mwaka haukuisha, kiti kile akakiachia Royal Ivey.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa nini Ivey?

Wote wawili walipita Blair Academy, shule ya bweni huko New Jersey, mikononi mwa kocha mmoja, Joe Mantegna. Ivey, kijana wa New York, alitangulia. Akaenda Chuo Kikuu cha Texas, na mwaka 2003 chuo chake kikafika nne bora ya vyuo vya Marekani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Deng, akiwa Duke kwa msimu mmoja tu. Wakaingia NBA usiku mmoja, Juni 2004: Deng akichaguliwa wa 7, Ivey wa 37.

Tofauti ya namba hizo ikawa tofauti ya maisha. Deng akawa mhimili wa Chicago Bulls. Ivey alidumu miaka kumi kwa wastani wa pointi tatu na ushei kwa mchezo. Kazi yake ilikuwa kumganda mfungaji hatari wa upande wa pili, na siku nyingine kutoingia kabisa. Aliyekaa benchi miaka yote hiyo huona mengi: nani kachoka na anaficha, beki gani anachelewa kurudi, kocha anabadili mpango dakika ipi. Alipoacha kucheza mwaka 2014 alianzia chini, kocha msaidizi wa Oklahoma City Blue, timu ya daraja la pili. Kisha Thunder, Knicks, Nets. Miaka saba ya kumpangia mwenzake kazi, sifa zikienda kwa mwenzake.

Alichokabidhiwa kilikuwa timu isiyo na nyumba. Deng amelisema hilo mara nyingi, bila kuona haya: nchi yake haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa kikapu. Kumbi wamekodi nje, na kwa sehemu kubwa tiketi, hoteli na chakula vimetoka mfukoni mwake. Yeye mwenyewe, anasimulia, alijifunza mchezo huu Misri, familia yao ilikokimbilia vita, na aliyewafundisha ni Manute Bol, mchezaji wa NBA kutoka kwao. Kwake ni deni linalolipwa kwa kulipitisha mbele.

Kwetu Katavi habari hii haihitaji tafsiri. Ikola iko wilaya moja na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi, na makazi ya Katumba si mbali; tunajua familia iliyovuka mpaka mwaka 1972 na wajukuu waliokulia huku. Kikosi cha Ivey kilijaa vijana wa namna hiyo. Khaman Maluach alikulia Uganda, akaanza kushika mpira wa kikapu mwaka 2019. Miaka mitano baadaye alikuwa kwenye Olimpiki, kisha Duke, chuo kile kile cha Deng.

Matokeo mnayajua. Robo fainali ya AfroBasket 2021 Kigali. Kombe la Dunia 2023, timu bora ya Afrika na tiketi ya Paris. Julai 2024, London, Marekani ya LeBron James iliponea kwa pointi moja, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, mechi ya kwanza ya Olimpiki: waandaaji wakapiga wimbo wa taifa usio wa Sudan Kusini, vijana wakasimama wakangoja wimbo wao, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Ila sijui mfuko wa mtu mmoja unabeba timu ya taifa mpaka lini.

Na sisi Watanzania? Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam hadi Chuo Kikuu cha Connecticut, akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, juu kuliko Deng na Ivey. Nyota tulikuwa naye. Aliyekuwa wa kusimama nyuma yake, aliyeiva benchini, nani alimtafuta?