Lifti, Ngazi na Ghorofa: Aina za Usafiri wa Wima Majengoni na Haja ya Kusanifisha Istilahi Zake Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua aina kuu za vyombo vya usafiri wa wima majengoni, yaani lifti za kamba, lifti za haidroli, lifti za huduma maalumu na eskaleta, kwa kuzingatia kanuni inayoendesha kila aina. Ufafanuzi huo unatumiwa kuonyesha kwamba maneno matatu yanayobeba nyanja hii katika Kiswahili, lifti, ngazi na ghorofa, yana utata unaoweza kuathiri usalama wa watu na usahihi wa mikataba ya ujenzi. Hoja ya msingi ni kwamba istilahi za nyanja hii ziongozwe na utendaji wa chombo, na kwamba maneno ya tahadhari yasanifishwe kabla ya majina ya vipuri. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa mabaraza ya Kiswahili, mamlaka za viwango na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Historia ya lifti katika Afrika Mashariki si fupi kama inavyodhaniwa. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, hutajwa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya ukanda huu kuwekewa lifti. Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi lilikamilika mwaka 1973. Leo maghorofa yanapanda Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Bujumbura, na lifti imekuwa chombo cha kila siku cha mgonjwa anayepelekwa wodini, karani anayekwenda kazini na mzee anayeishi juu ya ghorofa ya tano.

Lugha haijapanda kwa kasi hiyo. Maelezo yaliyobandikwa ndani ya lifti aghalabu huwa katika lugha ya mtengenezaji au ya mkandarasi. Pale Kiswahili kinapotumika, kila mwenye jengo hujitafutia maneno yake. Hali hiyo ingeweza kuachwa ijirekebishe yenyewe kama maneno hayo yangekuwa ya mapambo tu. Lakini tangazo la lifti husomwa kwa makini siku ya moshi, giza au mtikisiko, na msomaji wake hana nafasi ya kuuliza lilimaanisha nini.

2.0 Msingi wa kiufundi: tatizo la kuanguka

Binadamu alijua kunyanyua mizigo kwa kamba na kapi tangu zama za kale. Kilichochelewesha lifti ya abiria ni hofu ya kamba kukatika. Mwaka 1854, katika maonyesho ya jijini New York, Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa la kunyanyulia na kuamuru kamba yake ikatwe. Jukwaa halikuanguka. Springi iliyokuwa imebanwa na mvutano wa kamba iliachia mara kamba ilipokatika, ikasukuma vyuma vilivyonasa kwenye meno ya nguzo za pembeni. Mwaka 1857 lifti ya abiria iliyoendeshwa kwa mvuke ilianza kazi katika duka moja la ghorofa jijini humo, na mwaka 1880 Werner von Siemens akaonyesha lifti ya umeme mjini Mannheim, Ujerumani.

Kanuni ya Otis ingali hai, ingawa vifaa vimebadilika. Katika lifti ya kisasa, kidhibiti mwendo hupima kasi ya chumba cha abiria. Kasi ikizidi kiwango kilichowekwa, kidhibiti huamsha breki za dharura zinazobana reli za kuongozea. Kwa hiyo kauli inayosikika mitaani kwamba lifti hushikiliwa na kamba peke yake si sahihi, na tangazo lolote linalojengwa juu ya hofu hiyo humwelekeza abiria kwenye hatari isiyo yake.

3.0 Aina kuu za vyombo

3.1 Lifti za kamba

Hii ndiyo aina iliyoenea zaidi katika majengo marefu. Kamba za chuma hupita juu ya gurudumu linalozungushwa na mota. Upande mmoja wa kamba huning'inia chumba cha abiria, na upande wa pili huning'inia uzito wa kusawazisha. Uzito huo kwa kawaida hulingana na uzito wa chumba kitupu pamoja na takribani asilimia 40 hadi 50 ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Mota basi hainyanyui uzito wote, bali tofauti tu ya pande mbili.

Mpangilio huu una tokeo linalowashangaza wengi: chumba chenye abiria mmoja ni chepesi kuliko uzito wa kusawazisha. Breki ya mota ikishindwa, lifti hiyo huelekea kupanda. Ndiyo sababu viwango vya kisasa vinadai kinga dhidi ya mwendo wa kasi wa kupanda, sambamba na ile ya kushuka.

Zamani mota na gurudumu viliwekwa katika chumba cha mitambo juu ya paa. Tangu miaka ya 1990 zimeenea lifti zisizo na chumba hicho, ambazo mota yake ndogo hufungwa ndani ya shimo la lifti. Mwenye jengo huokoa nafasi, lakini fundi na mwokoaji hulazimika kuifikia mitambo kwa njia tofauti. Tofauti hiyo haina budi kutajwa waziwazi katika mkataba wa matengenezo.

3.2 Lifti za haidroli

Katika aina hii, pampu husukuma mafuta ndani ya silinda na pistoni hupandisha chumba. Wakati wa kushuka, vali hufunguliwa na uzito wa chumba wenyewe huyarudisha mafuta tangini. Lifti hizi hufaa majengo mafupi: safari yake kwa kawaida haizidi takribani mita 20, na kasi yake ni ndogo. Kwa kuwa nyingi hazina uzito wa kusawazisha, hutumia umeme mwingi zaidi wakati wa kupanda, na mafuta yake huhitaji kupozwa yanapotumika mfululizo mahali penye joto.

Hata hivyo zina faida moja yenye uzito katika miji ambamo umeme hukatika mara kwa mara. Betri ndogo inayofungua vali inatosha kukishusha chumba taratibu hadi ghorofa ya chini. Kwa zahanati ya ghorofa mbili, sifa hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko kasi.

3.3 Lifti za huduma maalumu

Lifti ya mizigo ina sakafu imara na milango mipana. Lifti ya hospitali hupimwa kwa urefu wa kitanda na nafasi ya muuguzi anayekisindikiza. Lifti ndogo ya vyakula hubeba sahani na haipaswi kubeba mtu. Jukwaa la kupandishia viti vya magurudumu huvuka vimo vifupi ambavyo ngazi humzuia mwenye ulemavu wa viungo. Lifti ya zimamoto nayo ina umeme unaolindwa, ukumbi uliokingwa na moshi, na swichi inayowapa askari wa zimamoto mamlaka ya kuiendesha wao peke yao. Aina hii ya mwisho hutofautishwa na nyingine kwa ulinzi wake, wala si kwa umbo. Kwa macho ya abiria ni lifti kama nyingine.

3.4 Vyombo vya mwendo usiokatika

Eskaleta ni mfululizo wa vidato vinavyozungushwa kwa minyororo, aghalabu kwa kasi ya takribani nusu mita kwa sekunde. Hubeba umati mkubwa bila kuusubirisha, ndiyo maana hupendwa katika maduka makubwa na vituo vya usafiri. Haimfai mtu wa kiti cha magurudumu, na mara nyingi hujengwa katika uwazi unaounganisha ghorofa, mahali ambapo moshi hupanda kwa urahisi. Kanuni nyingi za ujenzi haziihesabu kuwa njia ya kutokea wakati wa moto.

Barani Ulaya, hasa Ujerumani na Ucheki, kungali na lifti chache za mnyororo ambazo vyumba vyake vilivyo wazi huzunguka bila kusimama na abiria huingia na kutoka vikiwa katika mwendo. Ziliitwa *paternoster* kwa kufananishwa na shanga za rozari. Jina hilo ni zuri kwa sikio, lakini halimwambii mgeni kwamba lifti haitasimama.

4.0 Maneno matatu yenye utata

4.1 Lifti

Katika Kiswahili cha kila siku, lifti ni chombo cha kupandia ghorofani na pia ni msaada wa kupakiwa katika gari la mtu. Muktadha huondoa utata huo bila taabu. Tatizo liko kwingine. Msemaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesomea Kifaransa yuko karibu zaidi na umbo asanseri. Jumuiya inayowaunganisha wasemaji hawa wote inahitaji neno moja la matangazo, na lifti lina nguvu ya kuenea na ufupi. Asanseri linaweza kubaki kama kisawe cha kieneo na kuingizwa kamusini kwa hadhi hiyo, badala ya kuhesabiwa kosa.

4.2 Ngazi

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Eskaleta huitwa pia ngazi za umeme au ngazi zinazotembea. Majina haya yanaeleweka upesi na yana sura ya Kiswahili, kwa hiyo mwanaistilahi anaweza kuyapendelea kuliko neno la kukopa. Lakini tangazo la moto katika jengo husema: "Usitumie lifti. Tumia ngazi." Ikiwa eskaleta nayo ni aina ya ngazi, tangazo hilo linamruhusu msomaji kuikimbilia, ilhali huenda iko katikati ya uwazi uliojaa moshi.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza eskaleta litumike katika matini zote rasmi, na ngazi libaki kwa ngazi zisizo na mtambo. Neno hilo lilipoingia katika Kiingereza lilikuwa alama ya biashara iliyosajiliwa, na mwaka 1950 kampuni yenye alama hiyo ilipoteza haki yake nchini Marekani kwa sababu watu walikwisha kulifanya jina la kawaida. Kulitohoa basi si kuitangazia biashara kampuni yoyote. Mfano huu unaonyesha pia kwamba uwazi wa neno asilia haupaswi kuwa kigezo pekee cha uteuzi. Neno la kukopa linalotenganisha dhana mbili linaweza kuwa salama kuliko neno asilia linalozichanganya.

4.3 Ghorofa

Kwa wasemaji wengi, nyumba ya ghorofa moja ni ile yenye ngazi moja ya makazi juu ya sakafu ya chini. Kwa wengine, hesabu huanzia chini kabisa. Jengo la ghorofa 10 linaweza basi kuwa na vituo 10 vya lifti au 11. Vitufe huongeza mkanganyiko: lifti moja huandika 0, nyingine G, na nyingine RC kwa kufuata Kifaransa.

Katika mkataba, tofauti ya kituo kimoja hubadilisha urefu wa kamba, idadi ya milango na gharama. Katika uokoaji, hubadilisha mahali. Anayepiga simu akisema watu wamekwama ghorofa ya tatu anaweza kumpeleka mwokoaji kwenye mlango usio na mtu.

5.0 Majina ya vipuri na hazina ya baharini

Kiswahili hakianzi mikono mitupu katika nyanja hii. Mabaharia wa pwani wana kapi na roda kwa magurudumu yanayopitisha kamba, henza kwa kamba ya kupandishia foromali, na vitenzi tweka na tua kwa kupandisha na kushusha tanga. Lifti ya kamba, kwa kanuni, ni ndugu wa mlingoti. Roda linaweza kulitaja gurudumu la mota bila kubuni neno jipya, na tweka linaweza kutumika katika miongozo ya mafundi. Hata hivyo, hazina hii ifae vyumba vya mitambo na vyuo vya ufundi. Abiria anahitaji maneno aliyokwisha kuyazoea.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Aina za lifti hutofautiana kwa nguvu inayoziendesha, kazi zinazofanya na ulinzi zilionao. Istilahi zinazozitaja hazina budi kuonyesha tofauti hizo pale zinapogusa maisha ya mtu. Kwa msingi huo, yanapendekezwa yafuatayo.

Kwanza, mabaraza ya Kiswahili, yakiratibiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yasanifishe lifti, eskaleta na ngazi kwa maana zilizotenganishwa. Pili, mamlaka za viwango zikubaliane kwamba sakafu ya usawa wa barabara iitwe sakafu ya chini na kupewa namba 0, na ghorofa ya kwanza iwe ile iliyo juu yake. Kitufe, mkataba na simu ya dharura vyote vifuate hesabu hiyo. Tatu, kila lifti ya umma iwe na tangazo la Kiswahili lenye mambo manne: uwezo kwa watu na kwa kilo, katazo la kuitumia wakati wa moto, agizo la kutofungua milango kwa nguvu lifti inapokwama, na namna ya kuomba msaada. Nne, tangazo hilo lijaribiwe kwa wasomaji wa kawaida wa nchi mbalimbali kabla ya kuidhinishwa.

Gharama ya hatua hizi ni ndogo ikilinganishwa na bei ya lifti yenyewe. Jengo linaloagiza mitambo kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi halistahili kukosa mistari minne ambayo mtu aliyenaswa ndani yake anaweza kuisoma na kuielewa mara moja.