Vakansi Kando ya Ziwa: Angalieni Mazuku

Pengine munawaza kutembeza watoto wakati wa vakansi, siku njia iko na amani: kutoka Kirotshe mpaka Sake, kisha Goma, Ziwa Kivu likiwa upande wa kuume na volkano za Parke ya Virunga mbele yenu. Parke hiyo iliundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika. Ni safari nzuri, na chakula munaweza kubeba cha nyumbani.

Lakini kati ya Sake na Goma kuna mazuku. Vijana wengine wanazani ni hadisi za wazee. Hapana. Si pepo, si uchawi. Ni gazi karboniki inayotoka chini kwenye nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, basi inajaa mashimoni kama maji. Baba anaweza kusimama anapumua vizuri, na mutoto anayecheza chini miguuni pake akaanguka.

Usiku na asubuhi mapema, upepo ukitulia, inazidi. Kwa hiyo musitandike mikeka bondeni, hata kama majani ni mazuri namna gani. Tafuteni mahali pa juu penye upepo. Mukiona mijusi ao ndege wamekufa shimoni, ondokeni kwanza, maulizo baadaye.

Na mutu akianguka ndani, musiruke kumufuata. Anayeruka anabaki naye mule mule. Mubebe kamba ndefu ndani ya gari.