Mgeni wa Majani Atokaye Scotland

Mara nyingi tukipita mbugani wakati wa mvua, majani yakiwa yametufika kiunoni, twasikia kitu kikikimbia mbele ya miguu yetu wala hatukioni. Pengine ni panya tu. Lakini pengine ni mgeni aliyetoka Ulaya, ndege wa rangi ya majani makavu, mwenye mabawa mekundu kama kutu, na uzito wa gramu 150 hivi. Wataalamu humwita kwa Kilatini Crex crex, kwa kuwa dume hulia hivyo hivyo usiku kucha, krek-krek, krek-krek, kama mtu apitishaye kijiti juu ya meno ya kitana. Sisi na tumwite kreksi. Huku kwetu hasemi neno. Hulia kule azalianako.

Kwao ni mashamba ya majani ya Ulaya na Asia, hata Siberia. Leo nasimulia habari za visiwa vya magharibi ya Scotland, kama vile Lewis, Tiree, Coll, na Iona, kisiwa alichofikia Mtakatifu Kolumba mwaka 563. Wafugaji wa huko hukata majani wakati wa joto na kuyaweka akiba, maana wakati wa baridi ng'ombe hawapati malisho ya kutosha. Zamani walikata kwa mundu mrefu wa mikono miwili, polepole, tena kwa kuchelewa. Jike alipata nafasi ya kuatamia mayai yake, manane hata kumi na mawili, mara mbili kwa mwaka. Na hiyo mara ya pili si ya ziada, kwa kuwa kreksi wengi hawafikii mwaka wa pili.

Kisha zikaja mashini. Mwaka 1938 na 1939 Bwana C. A. Norris alikusanya habari toka pande zote za Uingereza, akaona kwamba ndege hao walitoweka pale mashini za kukatia majani zilipoingia. Tazama basi jinsi mauti yalivyowajia. Mashini huanza ukingoni mwa shamba, ikizunguka kuelekea katikati. Vifaranga, weusi kama makaa, hawajaweza kuruka, nao huogopa mno kutoka mahali peupe. Hurudi nyuma, hurudi tena, mpaka wamebanwa katika kipande kidogo cha katikati. Na hapo mashini huwafikia. Watafiti waliohesabu waliona kwamba zaidi ya nusu yao waliuawa.

Dawa yake ni rahisi hata yachekesha: kuanza katikati na kukata kuelekea ukingoni. Vifaranga hukimbilia majani ya jirani, na wafao hupungua hata kuwa theluthi moja hivi. Tena serikali huwalipa wafugaji wakubalio kungoja mpaka Agosti, maana majani yakichelewa kukatwa hupoteza nguvu yake, na si haki hasara imwangukie mfugaji peke yake.

Sasa neno la ng'ombe. Wengi hudhani kumlinda ndege ni kumfukuza ng'ombe. Sivyo kabisa! Shamba lisilolishwa husongamana, majani ya kale yakilala chini ya mapya, hata kreksi, apendaye kutembea kuliko kuruka, asiweze kupenya. Ng'ombe wakilishwa humo wakati wa baridi huyafungua. Lakini yapasa waondolewe kabla wageni hawajafika mwezi wa Aprili. Taabu kubwa ni kondoo waachwao mwaka mzima: hula majani mpaka udongoni, na msafiri afikapo hana hata pa kuficha kichwa. Ndiyo maana wafugaji huzungushia ua pembe ndogo za shamba, wakaacha humo mimea iwashayo, kwa kuwa hiyo huota mapema. Wengine huitia samadi. Mkulima kutia samadi magugu! Wazee wetu wangemcheka.

Mwaka 1993 madume yaliyosikika Uingereza yalikuwa 480 hivi. Mwaka 2014, katika Scotland, yalikaribia 1,300. Halafu yakapungua tena. Mwaka 2022 yalihesabiwa yapata 820 tu.

Na safari yao? Watafiti waliwafunga ndege wa kisiwa cha Coll vyombo vidogo vya kuonyesha njia, wakagundua kwamba walipitia Afrika ya Magharibi, kisha wakafika Kongo. Wenzao wa mashariki hupitia Misri, ambako wengi hunaswa katika nyavu zilizotegewa tombo. Waponao hushukia mbuga za Katanga, Zambia na Tanzania, wakakaa tangu Desemba hata Machi.

Basi mwezi wa Januari, kitu kikikimbia mbele yako majanini, simama kidogo. Akikaribiwa sana ataruka kwa uzito, miguu ikining'inia, wekundu wa mabawa ukionekana mara moja, kisha atatumbukia tena hatua chache mbele.